Kavira Hapendi Baridi

Mu karte ya Vulamba, mutaa moja ya muji wa Butembo, batu bote balijua kama Kanyere iko na dada yake mudogo anaitwa Kavira. Balijua jina tu. Hakuna mutu alikuwa ameona uso wake, na Kanyere mwenyewe hakukuwa na haraka ya kumuonyesha. Mu kitabu ya bakimbizi ilikuwa imeandikwa wazi, mistari miwili inafuatana: Kanyere, mwanamuke, miaka makumi ine na sita, Kavira, mwanamuke, miaka makumi ine na tatu.

Ile siku ya kuandikisha, mutu wa bic, mwenye kuandika majina, alimuuliza amekimbia na nani, naye akajibu bila kufikiri: na binti yangu Nadège, na Kavira. Yule mutu, mwana wa Lubero, hakuinua hata kichwa. Ku Banande jina inafuata namna batoto banazaliwa; ukitaja Kanyere na Kavira nyuma yake, hakuna cha kuuliza tena: mukubwa na mudogo, tumbo moja. Akauliza miaka tu. Kanyere akasema alikuwa na miaka tatu wakati Kavira aliingia mu nyumba, jamaa akapiga hesabu, akaandika, akabapatia blanketi tatu. Kanyere alitaka kusema neno, mais batu ba nyuma ku mustari balikuwa banasukuma, na blanketi ni blanketi. Akazichukua.

Kumbe Kavira ni kobe.

Na kosa haikuanza ku ile meza ya kuandika. Ilianza na muzee Siméon, baba ya Kanyere, kule ng'ambo ya Mangina, mu inchi ya joto, wakati shamba yake ilikuwa ingali ya kahawa, mbele kakao haijaingia. Muke wake alikuwa ametoka ku hospitali, mimba imetoka, na balimuambia mu uso kama hatazaa tena. Siku tatu hakusema na mutu. Siku ya ine muzee akatoka ku shamba na kobe ya pori mu mikono, rangi ya majani makavu, ingali na udongo ku mugongo. Akamuweka chini mbele ya muke wake, akasema: huyu njo Kavira. Mama aligombana naye muchana muzima, eti mutu anacheza na huzuni ya mwenzake. Kisha, juma moja haikupita, yeye njo alikuwa anamukatia papai.

Kanyere alikomaa na Kavira mu kiwanja namna bengine banakomaa na bandugu. Muzee Siméon hakukuwa mutu wa sheria mingi. Kanyere na batoto ba jirani balipanda mu miti, balioga mu kijito, hakusema kitu. Lakini juu ya Kavira alikuwa mukali kupita padri. Kumushika ni mikono miwili, huku na huku, karibu na chini, sababu akianguka mugongo wake unapasuka na hakuna fundi wa kuushona. Hapana kumupindua tumbo juu. Hapana kumuinua na mukono moja sawa mukate. Na zaidi ya yote, hapana kutia kidole nyuma. Kobe ya ile pori iko na bawaba ku mugongo: akiogopa, sehemu ya nyuma inashuka, inafunga.

Kanyere alikuwa na miaka sita wakati alienda kuhakikisha. Kidole kikabaki ndani, akalia mpaka batu ba shamba ya pili bakakuja. Muzee alimushika bega, akamuambia asivute, akae kimya, Kavira iko na woga kukupita wewe. Balikaa hapo chini babili mpaka Kavira akafungua mwenyewe. Ukucha uligeuka mweusi, ukaanguka. Mpaka leo Kanyere akikumbuka anacheka, kisha macho inajaa maji, sababu ule mukono ku bega hauko tena.

Jirani moja alimushauri muzee atoboe tundu ku ukingo wa ule mugongo, apitishe kamba, amufunge ku muti kama mbuzi. Muzee alimujibu kama ule si sahani, ni mufupa, uko na damu na unasikia. Akitaka kutoboa kitu atoboe sikio yake mwenyewe. Jirani alikasirika mwezi muzima. Na mama, yeye, alikuwa na sheria yake moja: mutu akigusa Kavira, sabuni mbele ya bugali. Hata mugeni, hata katekista. Wakati Ebola ilikuja Mabalako na batu ba kinga bakaanza kupita nyumba kwa nyumba banafundisha kunawa, Kanyere aliona bamechelewa karibu miaka makumi ine.

Bazee babili, baba na mama, balikufa ku kitanda yao, mbele ya vita, na hapo Mungu alibahurumia. Nyuma vita ilikuja mpaka ku ile mashamba. Asubuhi moja batu balianza kupita ku njia na magodoro ku kichwa, na Kanyere, mujane, hakungojea kuona balikuwa banakimbia nini. Nadège alibeba sufuria na unga. Yeye alibeba kitunga, na mu kitunga Kavira, juu ya majani ya ndizi. Ile siku njo mwisho wa kwao.

Mwisho? Wapi. Jaribu kumuambia hivyo. Mu chumba ya kukodisha ya Vulamba kila neno yake ilianza na «tukirudi». Tukirudi tutatengeneza paa. Tukirudi nitakata ile mikahawa ya zamani imebaki ku mupaka. Mwenye parseli, ile kiwanja ya nyumba, alimupatia kipande cha udongo nyuma ya nyumba, akapanda mboga ya lenga-lenga na maharagi tu. Miche ya avoka alikatala, sababu avoka inaomba miaka, na yeye hakukuwa na miaka ya kupatia Butembo. Na ku kila tukirudi, Kavira alikuwa ndani. Kavira akifika atakuwa ya kwanza kuingia mu kiwanja. Ilikuwa kama mapatano kati ya Kanyere na Mungu: huyu akiwa muzima, njia ya nyumba iko wazi.

Sasa, baridi ya Butembo haina adabu. Mutu wa Mangina anaikuta mu shingo, mu magoti, mu maji ya kunawa. Mwaka wa kwanza Kavira alikula kidogo. Mwaka wa pili alikula kidogo ya kidogo. Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, ukungu unashuka mpaka ku milango na saa ine jua bado, Kavira alirudisha kichwa ndani, hakukitoa tena. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu.

Sasa njo banamuke ba parseli balijua dada ni nani, na kila moja akawa munganga. Moja alisema kobe ni kitu ya maji, amuweke mu basani imejaa maji. Kanyere akafanya, na kama Nadège hakuona mapovu mu pua, Kavira angezama palepale. Kobe ya pori haijui kuogelea. Mwingine akasema ni baridi tu, amusogeze ku mbabula. Akafanya ile pia, akamuweka karibu na makala mpaka ukingo wa mugongo ukaanza kunuka. Mwingine, na huyu Kanyere hakumusalimia tena juma mbili, alisema heri kumutia mu chungu na sombe mbele hajakufa mwenyewe.

Siku ya ine Nadège alichoka kuona mama yake anakaa chini kando ya kitanda. Akapigia Gérard, muforomo mwenye kutunza bagonjwa ba karte. Alimuambia haraka, kredi ya simu ilikuwa inaisha: Kavira hajakula siku ine, hafungui macho, mwili iko baridi kabisa. Simu ikakata. Gérard akafungua liste yake ya bakimbizi, akatafuta, akaona: Kavira, mwanamuke, miaka makumi ine na tatu. Akavaa gants ya mikono, akachukua termometre na seromu ya kutundika, akapanda moto, pikipiki yake. Alifika anahema.

“Mugonjwa iko wapi?”

Nadège akaonyesha na mudomo. “Chini ya kitanda.”

Gérard alikuwa amesoma miaka ine, amepita Ebola, amepita kolera, lakini jamaa ya kutia mugonjwa chini ya kitanda alikuwa hajaiona. Akajizuia. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaita kwa heshima kabisa: mama Kavira, unanisikia? Akanyoosha mukono, akagusa, akarudisha mukono mbio.

Alikasirika kwanza, na haki alikuwa nayo. Alisema juu ya seromu, juu ya esanse ya pikipiki, juu ya mama bajauzito banamungojea. Kanyere alikuwa amekaa chini, kitambaa imeanguka, mikono juu ya ule mugongo, na Gérard akaona kama hapa hakuna mutu anacheza. Akaketi ku kiti. Akauliza ile kitu imekuwa mu jamaa tangu lini. Kanyere akamuelezea, kahawa, mimba, papai, yote, na mwisho Gérard akavua gants. Akasema yeye ni muforomo wa batu, mais ku Beni, mbele ya kuja huku, alikaa jirani na muzee moja, Aruna, shofere ya zamani. Miaka mingi Aruna alipeleka mizigo ku njia ya Manguredjipa, na kila akikuta kobe banauzisha ku kando ya barabara, imefungwa kamba, alikuwa anashindwa kupita bila kuinunua. Sasa iko nazo nyuma ya nyumba. Batu ba kwake bote banamucheka.

Akamupigia palepale, na sauti ya muzee ikajaa mu chumba, ya pole, haina haraka. Kwanza aliomba batoe ile mbabula. Moto inachoma nje na ndani inabaki baridi. Halafu maji ya vuguvugu mu basani, kama ya kuogesha mutoto wa siku moja, na isifike ku kidevu, chini ya kidevu tu, nusu saa, mutu iko pembeni wakati yote. Ile basani isirudie tena ku kazi ya chakula. Kisha karato, boksi, yenye udongo na majani, na bidon ya maji ya moto imefungwa na kitambaa, iwekwe ku upande moja, ili akisikia joto nyingi aweze kujisogeza. Hapana kumulazimisha kula. Tumbo ya baridi haisagi kitu, chakula inaoza ndani.

Balifanya vile. Gérard alisahau mama bajauzito, akabaki anashika termometre mu maji. Karibu na saa saba ya muchana Kavira alitoa pua. Kisha jicho moja. Kesho yake aliuma papai, kidogo sana, alama ya mudomo ikabaki ku nyama ya papai, na Kanyere akaenda kulilia inje ili Nadège asimuone. Nadège alimuona.

Hapo hadithi ingeisha vizuri, na Kanyere alitaka iishe hapo. Lakini Aruna, Gérard alikuwa amemupatia numero ya Nadège, alipiga simu ku siku ya tatu, akauliza habari, akashukuru Mungu, kisha akasema kile alikuwa anapashwa kusema.

“Mama, umemuamusha, hujamuponyesha. Huyu ni wa pori ya joto. Kila baridi ikirudi atalala vile, na siku moja hataamuka. Umulete huku Beni. Kwetu iko joto, na sisi Baislamu hatukule hii nyama, hakuna mutu atamuangalia na sufuria.”

Kanyere akajibu kama anashukuru, mais haina lazima, sababu batarudi kwao hivi karibuni. Akarudisha simu, akaanza kuchambua maharagi. Nadège alimuangalia. Ni mutoto wa pole, hajawahi kumujibu mama yake vibaya, lakini siku hiyo ilimutoka.

“Mama, ni mwaka wa tatu unasema hivi karibuni.”

Kanyere hakukula ile siku. Uchungu haukuwa Beni, wala Aruna, mutu hamujui. Uchungu ulikuwa huu: kupeleka Kavira ni kusema na mudomo wake mwenyewe kama haturudi. Na kumuacha hapa ni kumuua pole pole, ili yeye abaki na neno ya kusema. Alifikiri baba yake. Baba angemuuliza nini? Angemuuliza kitu moja tu: mutoto, unamuchunga yeye, ao unajichunga wewe? Alikasirikia muzee mu moyo, yeye mwenye kulala ku udongo ya kwao kwa amani. Mwisho wa juma akaenda kutafuta kitunga.

Balishuka Beni na taksi Jumamosi, siku ya posho. Kanyere alikatala kitunga kipande ku paa na mizigo, akakatala sashe ya plastike, akakishika ku magoti njia muzima, sawasawa, kitambaa juu na nafasi ya hewa. Ku barriere moja, kizuizi ya barabara, soda, askari wa jeshi, alifunua kitambaa, akacheka, akasema mu Lingala: “Mama, koba oyo, elengi mingi.” Alikuwa anasifu utamu wa ile nyama. Kanyere akamujibu kama huyu ni wa jamaa, na shofere akaondoa gari mbele soda hajaamua kama ni muchezo. Nyuma ya muteremuko wa Kabasha hewa ikaanza kugeuka. Akavua sweta. Mu kitunga kitu kikatembea, na Kanyere akasikia makucha ku magoti yake, kupitia nyuzi.

Aruna alikuwa mutu murefu, mwembamba, kofia nyeupe, na muke wake Sikitu alikuwa ameisha kuleta maji na sabuni mbele hajaombwa. Ile peke ilimutuliza Kanyere. Nyuma ya nyumba kulikuwa kivuli ya migomba, majani mengi bameacha ioze makusudi, magogo, na sahani ya udongo yenye maji kidogo chini ya muti. Aruna alimutoa Kavira na mikono miwili, huku na huku, hakumuinua juu. Aliangalia macho, pua, alama ya moto ku ukingo, akasema itapona. Kisha akamuinamisha kidogo, akaangalia mukia. Akaangalia tena.

“Mama, nani alikuambia huyu ni Kavira? Mukia murefu hivi, huyu ni mwanaume.”

Sikitu akafunika mudomo. Nadège akageukia ukuta. Miaka zaidi ya makumi ine! Kanyere alifikiri mama yake na papai yake, mutu wa bic, Gérard ku magoti anaita mama Kavira, na kicheko ikamushika, akakaa chini ku udongo, akacheka mpaka mbavu ikauma. Akasema kama jina imeisha kupita mu vitabu ya serikali, hakuna kugeuza.

Aruna akamuweka chini. Mu Vulamba, miaka tatu, Kavira alikaa ku ukuta. Hapa alinyoosha shingo yote, Kanyere alikuwa amesahau kama ile shingo ni ndefu vile, na akaenda. Alipita gogo ya kwanza. Ku ya pili alikuta uyoga, akauma, akatafuna na macho nusu imefungwa. Kisha akaingia chini ya majani, mugongo ukapotea, na bakabaki kuona tu majani inainuka na kushuka. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Kanyere alikuwa amejitayarisha kwa kilio, na kilio kilikuja, mais hakikuwa kile alifikiri. Alikuwa anaona wivu. Kavira amefika nyumbani, yeye bado.

Sikitu alileta chai. Balisema juu ya siku za kuja kumuangalia, na Aruna akasema mulango iko wazi, kobe banaishi sana, bengine banapita sisi. Kanyere akaweka kikombe chini. Akaomba karatasi. Aruna alifikiri ni numero ya simu, akaleta kaye, daftari yake ya zamani ya safari, na bic.

“Andika njia,” Kanyere akasema.

Na akamusemea, pole pole, macho juu ya migomba. Kutokea katikati ya Mangina, ufuate barabara mpaka ku daraja ya mbao. Ukivuka, uache barabara, ushike njia ya mukono wa kushoto kati ya ngazi mbili za zamani, ile miti ya mawese. Upande mpaka ku mawe tatu. Pale mama alikuwa anaanika kahawa. Kuna kijito, uvue viatu, haifike ku magoti. Kisha kakao ya muzee Siméon, mistari kumi na mbili. Kakao ikiisha, kuna muti ya avoka, na nyuma yake udongo hauchoki kuwa na maji, na gogo moja kubwa, na uyoga. Hapo njo umuteremushe. Kama mimi siko, Nadège atakuja. Kama Nadège hayuko, batoto bako, ao batoto bao. Si lazima sisi. Yeye tu afike.

Aruna aliandika yote, mwandiko ya shofere, mukubwa, anaweka alama ku kila kona ya njia. Alipomaliza alivaa miwani, akamusomea ili ahakikishe. Daraja. Ngazi mbili. Mawe tatu. Kijito. Kanyere alikuwa anaitika na kichwa ku kila neno.

“Kakao ikiisha,” Aruna akasoma, “kulikuwa muti ya avoka…”

Kanyere akamukata.

“Hapana kulikuwa. Andika iko.”

Aruna akamuangalia juu ya miwani. Kisha akapiga mustari juu ya lile neno, na kando yake akaandika: iko.